Mistari Thelathini na Moja ya Diski E

Skogvik, Minnesota
2 Februari 1999

Kwa Bwana E. Archuleta,

Hunijui. Jina lako nimelipata nyuma ya gazeti la wakulima, kati ya tangazo la trekta kuukuu na la mbwa wa kuchunga. Umeandika kwamba unafufua diski za kompyuta zilizokufa, na kwamba mwenye shida akuandikie, asipige simu. Basi naandika.

Mimi ni karani wa Chama cha Makaburi cha hapa Skogvik. Kazi yenyewe ni ndogo: kujua nani amelala wapi na nani atalala wapi. Zamani tulikuwa na kadi kwenye sanduku la bati. Mwaka 1996 kamati ikanunua kompyuta, nikakaa nayo tangu kiangazi hadi Oktoba nikichapa kadi moja moja. Jumamosi ya juma lililopita niliiwasha ikaanza kugonga, tak tak tak, kama mtu anayegonga kijiko mezani. Baadaye ikaandika kwamba haioni diski. Fundi wa mji wa jirani alisikiliza dakika mbili akaniambia niitupe.

Jambo la ajabu ni kwamba mashine hii ina diski tatu: C, D na E. Aliyetuuzia alinionyesha zote tatu kwenye kioo. C ndiyo ya kazi. Kila Ijumaa nilinakili orodha kutoka C kwenda D. Na E niliiwekea nakala mara moja tu, siku niliyomaliza kuchapa, kisha sikuigusa tena, kwa sababu mwenyekiti wetu Palmer Egdahl alitaka nakala moja isiyoguswa na mtu. Zimekufaje zote tatu siku moja? Nadhani ni umeme. Nimefungua kasha nitoe zote nikutumie, nikaona moja tu. Hizo mbili nyingine zimefichwa wapi?

Nitakueleza kwa nini nina haraka. Dada yangu Solveig alifariki tarehe tisa Januari. Ardhi yetu sasa imeganda kwa baridi, ngumu kama sakafu ya saruji, haichimbiki, kwa hiyo yumo kwenye nyumba ya mawe ya makaburini tunamoweka maiti wakati wa baridi, pamoja na wengine wanne, wakingoja Mei. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia neno ambalo hakuwahi kulisema. Februari ya 1938, akiwa na miaka kumi na saba na hana mume, alizaa mtoto aliyeishi kwa muda wa saa nne tu. Baba yetu alitengeneza sanduku la mbao. Na huyo mtoto naye aliwekwa nyumba ya mawe hadi Mei, kisha akazikwa upande wa uzio, na msalaba wake wa mbao uliteketea kwenye moto wa nyasi mwaka 1953. Mtoto alipozaliwa mimi nilikuwa na miaka miwili, na baadaye hakuna aliyeniambia lolote. Solveig alinishika mkono akasema anataka kulala kando yake. Nikamwahidi.

Mahali hapo palijulikana na kadi tu, na sasa panajulikana na hiyo diski. Nimeifunga kwa taulo mbili.

Ardis Tveit


Longmont, Colorado
11 Februari 1999

Bi Ardis,

Diski imefika salama, na taulo zako zimesifiwa na mke wangu Ramona, anayesema huko kwenu mnajua kufunga mzigo. Pole kwa dada yako.

Kwanza nikuambie kwa nini sitaki simu. Nilifanya kazi miaka ishirini na mbili kwenye kiwanda cha diski hapa mjini, kazi ya kuzikagua kabla hazijafungwa, na mashine za chumba kile zilinila masikio. Sauti ya mtu kwenye simu kwangu ni nzi ndani ya chupa. Lakini diski naisikia bado, kwa ncha ya kidole. Yako inagonga kwa sababu mkono unaosoma unarudi nyuma kila ukikosa alama ya kuanzia.

Sasa habari mbaya, na afadhali uipate mapema. Hukuficha diski mbili, wala hakuna aliyekufichia. Diski ni moja, hiyo uliyonitumia. C, D na E ni majina tu. Mwuzaji aliigawa sehemu mbili: sehemu ya kwanza akaiita C, na ya pili akaipasua tena ndani yake vipande viwili, D na E. Watu wa kazi hii huita vipande hivyo diski za kimantiki, maana yake diski zilizo katika mawazo ya kompyuta. Wauzaji walifanya hivyo kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuweza kuona eneo kubwa kwa mkupuo. Ukifungua chuma chenyewe utakuta sahani mbili na mkono mmoja. Kila Ijumaa ulikuwa unahamisha vyombo kutoka chumba hiki kwenda chumba kile ndani ya nyumba ileile. Nyumba ikiungua, vyombo vyote vimeungua.

Usijilaumu sana. Nimeona wanasheria na madaktari wakifanya hivyo. Natafuta diski nyingine iliyotengenezwa mwezi uleule na kiwanda kilekile niitoe mkono wake, na hilo linaweza kuchukua majuma. Nikishindwa hulipi kitu.

Eusebio Archuleta


Skogvik
18 Februari 1999

Bwana Archuleta,

Nilisoma barua yako nimesimama jikoni, nikakaa, nikaisoma tena. Mtu gani mwenye akili anaita kitu kimoja kwa majina matatu? Hata ng'ombe hatuwafanyii hivyo.

Huelewi nilichofanya. Novemba ya 1996 nilisimama mbele ya kamati kwenye chumba cha chini cha kanisa, watu kumi na wanne wakinywa kahawa, na Palmer akaniuliza kama ni salama kuachana na kadi. Zilikuwa zimeshika ukungu na sanduku lilivuja. Nilimjibu kwamba tuna nakala tatu kwenye diski tatu. Nilijivuna, nakiri. Katika maisha yangu yote hapakuwa na jambo nililolijua kuliko Palmer Egdahl, ila hilo. Basi kwa neno langu Lowell Sather, mchimba makaburi wetu, akazibeba kadi zote akazichoma kwenye pipa nyuma ya kanisa. Nilimsaidia kuchochea moto.

Sijamwambia mtu kwamba ilikuwa diski moja. Wao wanajua tu kwamba iko kwa fundi. Nakuomba uitafute kwa nguvu zako zote. Kila nikipita kwenye nyumba ya mawe naona aibu, kama vile Solveig ananisikia.

Ardis Tveit


Longmont
9 Machi 1999

Bi Ardis,

Nimepata diski ya kutoa mkono, kwa mtu wa Nebraska aliyekuwa akiitumia kuzuia mlango wa banda usifungwe na upepo. Nimekuwa nayo mezani siku kumi na mbili. Ramona anasema naongea na diski kuliko ninavyoongea naye, na sina la kujitetea.

Sehemu ya C inasomeka. Imejaa madoa mabovu pale palipokuwa na mambo ya kuendeshea kompyuta, ndiyo maana ilikataa kuwaka, lakini orodha yako ilikaa mahali pazima. Nimeifungua. Ina watu 412. D nayo ina orodha hiyohiyo, 412, ya Ijumaa ya mwisho. Nimetafuta mtoto wa Februari 1938. Nimetafuta kwa mwaka, kwa safu, kwa jina la ukoo wenu. Hayupo, Bi Ardis. Wala hakuna mtoto yeyote aliyekufa kabla ya kubatizwa katika orodha nzima, na hilo limenishangaza kwa mji wa zamani kama wenu.

Imebaki E, ambayo kompyuta haioni kabisa, kana kwamba haijawahi kuwepo. Usikate tamaa kwa hilo. Vipande hivi vya kimantiki hushikana mkono: mwanzoni mwa D pameandikwa mahali E inapoanzia. Maandishi hayo yameangukiwa na doa. E yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ila hakuna wa kuielekeza kompyuta iliko. Itanibidi niitafute kwa mkono, kipande kwa kipande, kuanzia nyuma.

Eusebio


Skogvik
15 Machi 1999

Bwana Archuleta,

Haiwezekani asiwepo. Kadi yake niliichapa mwenyewe, nakumbuka zilikuwepo nyingi za namna hiyo, zimeandikwa "Mtoto" na tarehe, basi. Bila shaka ni makosa ya diski. Diski iliyooza namna hiyo inaweza kula chochote.

Itafute E. Mzee mmoja zaidi amefariki, sasa wako sita. Lowell anasema theluji ikiondoka kama kawaida ataanza kuchimba tarehe kumi Mei.

A. Tveit


Longmont
29 Machi 1999

Bi Ardis,

Nimeipata E. Ni nzima, haina hata doa moja, na humo mna orodha ya siku ile uliyomaliza kuchapa, tarehe 25 Oktoba 1996. Nilipiga kelele nikamwamsha paka. Nakuwekea humu karatasi zake zote, kurasa kumi na tisa.

Dada yako alisema kweli. Mtoto, Februari 1938, safu ya kumi na nne, nafasi ya tisa.

Ningependa kuishia hapo, lakini siwezi. Orodha ya E ina mistari 421 na ile ya C ina 412, ingawa C ina watu 22 waliozikwa baadaye ambao E haiwajui. Nimezipanga sambamba nikatia alama kwa kalamu nyekundu. Ukiwaondoa hao 22, kuna mistari 31 ya E iliyotoweka moja kwa moja kwenye C, na yote 31 ni watoto. Mahali pa jina hawana kitu; neno "Mtoto" limo pembeni tu, kwenye maelezo. Na nafasi tano kati ya hizo, C inaonyesha zina watu wengine waliozikwa baada ya 1996.

Ya tisa ni mojawapo. C inasema amelala hapo Rolf Bjerke, Juni 1997.

Sielewi makaburi, naelewa diski. Labda huko kwenu mna desturi ya kuweka watu juu ya wengine. Nieleze.

Eusebio


Skogvik
6 Aprili 1999

Mheshimiwa Bwana Archuleta,

Nashukuru kwa kazi yako. Hundi ya malipo imo ndani.

Kamati yetu itakutana jioni ya tarehe ishirini mwezi huu. Ninaomba uniandikie barua rasmi, yenye sahihi yako na miaka yako ya kazi, ya kuthibitisha kwamba mistari thelathini na moja iliondolewa na makosa ya diski. Maneno machache yanatosha. Watu wa hapa wataheshimu neno la mtu wa kiwandani.

Nina miaka sitini na tatu. Nimeishi Skogvik miaka yote hiyo, sijaolewa, sina kazi nyingine ambayo watu wananisalimia kwa ajili yake. Mjane wa Rolf Bjerke, naye ni mjumbe wa kamati, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kila Jumapili hunipa lifti kwenda kanisani. Diski ilikuwa mbovu kweli, wewe mwenyewe umeiona. Sikuombi useme uongo.

Ardis Tveit, Karani


Longmont
12 Aprili 1999

Bi Ardis,

Nakurudishia hundi, itakaa vizuri zaidi kwako mpaka tuelewane.

Unaniomba uongo. Diski mbovu hula popote. Hula nusu ya jina, hula picha, hula kurasa za kuendeshea mashine, hutema takataka. Haiwezi kupita kwenye orodha ya watu mia nne ikachagua watoto wasio na majina tu, ikafuta mistari yao na kuiunganisha iliyobaki vizuri, bila kuacha hata alama. Kisha irudie hivyohivyo kwenye D. Diski haichagui, Bi Ardis. Anayechagua ni mtu.

Na nadhani najua ilivyokuwa, maana nimeyaona ofisini mara nyingi. Uliamuru orodha ijipange kwa herufi za majina. Mistari isiyo na jina ikapanda juu, mitupu, ukadhani ni mistari iliyobaki wazi kwa bahati mbaya. Ukaifuta ili orodha ipendeze. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nafasi zao zikasomeka kuwa ziko wazi, zikatolewa kwa wengine. Kama ndivyo, wewe si mtu mbaya. Ni mtu nadhifu.

Nami nina langu. Kiwandani kazi yangu ilikuwa kugusa kila diski na kutia mhuri. Mwaka mmoja msimamizi alitaka makasha yatoke upesi kabla ya sikukuu, nikatia mhuri makasha mawili mazima sikuyagusa. Miezi sita baadaye barua zikaanza kuja, za watu waliopoteza vitu. Nilipewa nizijibu. Niliwajibu wote kwamba walikuwa wameitumia diski vibaya. Bado nawakumbuka kwa majina, na ndiyo sababu nafanya kazi hii gerejini kwangu. Usiniombe tena mhuri.

Eusebio Archuleta


Longmont
29 Aprili 1999

Bi Ardis,

Siku kumi na saba na hujajibu. Nilisoma gazetini kwamba mmepata theluji tena ya kuziba barabara, basi najidanganya kwamba ni posta.

Ramona amesoma nakala ya barua yangu ya mwisho, akanirushia mezani. Aliniuliza ni nani aliyenipa kazi ya upadri. Akasema mwanamke amefiwa na dada yake na wewe unamsomea mashtaka kwa dhambi zako mwenyewe. Sikulala vizuri.

Kwa hiyo nimekuandikia barua uliyoiomba, imo humu, ina sahihi. Nimesema kwamba diski ilifika kwangu ikiwa imeharibika vibaya, kwamba ilikuwa na madoa mabovu mengi, na kwamba orodha niliyoipata kwenye C ilikuwa na upungufu wa mistari 31 ikilinganishwa na ile ya E. Kila neno ni kweli. Sikusema kipi kilisababisha kipi. Mtu asiyejua diski ataelewa anavyotaka kuelewa. Uitumie kama bado utaihitaji, sitaulizwa na sitauliza.

Nimeweka pia orodha nzima kwenye disketi mbili na nyingine kwenye karatasi. Disketi moja iweke mahali pengine kabisa, chini ya paa jingine, unanielewa.

Eusebio


Skogvik
19 Mei 1999

Ndugu Eusebio,

Barua yako ya tarehe 29 ilinikuta. Mkutano uliahirishwa kwa theluji hadi tarehe nne Mei, kwa hiyo iliwahi. Niliisoma mara nyingi. Ni barua nzuri sana, na wangeiamini. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba wangu, nikaenda nayo kanisani na lifti ya Darlene Bjerke.

Kuna jambo sikukuambia. Uliyokisia kuhusu kupanga kwa herufi ni kweli, neno kwa neno, hata kwamba nilitaka ipendeze. Lakini kama ingekuwa hilo tu, nadhani ningekiri mapema.

Juni ya 1997, asubuhi ya siku ya kumzika Rolf, Lowell alinipigia simu kutoka banda la makaburini. Aliniuliza nafasi ya tisa ina nani. Nikaiangalia kwenye kioo, nikamwambia haina mtu. Akasema, "Ardis, hapa kuna mbao. Ndogo. Zina misumari." Nilikuwa na keki kwenye tanuri na watu mia moja wanakuja saa nane. Niliangalia kioo tena, na kioo kikasema pako wazi. Nikamwambia, "Kompyuta inasema hakuna mtu. Chimba." Akachimba. Lowell ni mtu wa kutii karatasi. Usiku ule nilizikumbuka zile kadi zilizoandikwa "Mtoto", nikazifukuza kichwani. Nimezifukuza miaka miwili. Solveig aliponishika mkono na kuniambia, nilijua hapohapo, kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza. Nilichokuwa nakuomba ni unipatie nafasi nyingine, yoyote, ili isiwe ile.

Mkutanoni Palmer alisoma orodha ya zile nafasi tano zilizotolewa mara mbili, niliyompa pamoja na karatasi zako za E. Alipofika ya tisa, Lowell alisimama. Ana miaka sabini na hazungumzi mikutanoni. Aliukunjakunja ukingo wa kofia yake akasema kwamba kosa ni lake, mbao aliziona yeye kwa macho yake, alipaswa kuacha kuchimba na hakuacha. Watu wote wakamgeukia. Darlene akaanza kulia. Hakunitaja, Eusebio. Aliniangalia mara moja tu, akaangalia chini, na nikaona kwamba amekusudia kulibeba hilo peke yake mpaka kaburini.

Barua yako ilikuwa kwenye mkoba juu ya magoti yangu. Nikasimama. Nikasema, "Lowell alinipigia simu. Mimi ndiye niliyemwambia achimbe." Kisha nikawaeleza mengine yote, diski moja yenye majina matatu, na mistari niliyoifuta, na Solveig, na kwamba aliyekuwa kwenye zile mbao ni wa kwetu. Nilipomaliza, Darlene alivaa koti lake akatoka, akawasha gari, akaenda. Nilirudi kwa miguu.

Palmer alikuja kesho yake kuchukua funguo na sanduku la karatasi. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Wamenitoa ukarani, na ni haki yao. Ile orodha ya E wameikubali kuwa ndiyo orodha, na watoto thelathini na mmoja wamerudi mahali pao, angalau kwenye karatasi. Palmer aliuliza jina la fundi ili wakushukuru.

Nilimwuliza Lowell mbao zilikwenda wapi. Hakutaka kusema, nikamngoja. Udongo unaobaki kaburi likishafukiwa hubebwa na trekta na kumwagwa kwenye bonde dogo nyuma ya banda, kando ya uzio. Alizimwaga huko pamoja na udongo. Tulikwenda wote wawili tukasimama pale. Ni mahali pa ovyo, pana magugu na mashada ya maua ya plastiki yaliyotupwa. Alinionyesha upande anaokumbuka, kiasi cha hatua nne kwa nne. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye, wala hakuna orodha itakayojua.

Kamati ilinipa nafasi nzuri kwa ajili ya Solveig, juu, karibu na wazazi wetu. Nikakataa. Nikaomba zile hatua nne kwa nne. Palmer alisema haijawahi kufanyika, kwamba ile si safu, haina namba. Aliniuliza nataka iandikweje. Nilimwambia sijui, sasa hilo ni la karani. Walipiga kura, saba kwa sita. Huyo wa saba alikuwa Darlene, ambaye bado hanisemeshi.

Tulimzika Solveig juzi, tarehe kumi na saba. Lowell alichimba kwa koleo, hakutaka trekta. Ilimchukua siku mbili. Alikuwa akishika kila bonge kwa mkono kabla ya kuliweka pembeni, na hakuona kitu, au kama aliona hakuniambia, nami sikumwuliza.

Nakurudishia barua yako. Usiniandikie nyingine ya namna hiyo, hata Ramona akikurushia meza nzima.

Lowell anasema ardhi ya kujaza hutitia, na kila mwaka theluji ikiondoka patakuwa pamezama kidogo, hata miaka ishirini. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, ataongeza udongo. Nimemwambia aniachie koleo, nitaongeza mwenyewe.

Ardis